Swali la Kwanza Kwenye Fomu ya Mjane

Juzi Paskalina alinitumia ile fomu mpya kwenye simu. Chini yake akaandika kwa adabu zake zote: "Bibi, tunaomba maoni yako kabla hatujaenda Wasso kuhakiki wajane." Nikavaa miwani, nikaifungua. Swali la kwanza kabisa linamtaka mjane ataje mwenyewe, kwa mdomo wake, jina kamili la marehemu mume wake, na karani asimsomee. Pembeni kuna nyota nyekundu. Nikajaribu kuliruka nione la pili linasemaje, simu ikagoma. Nikajaribu tena, ikagoma tena. Nikaiweka mezani nikaenda kunywa maji, maana kidogo tu niirushe kwa kuku.

Sasa Paskalina, na ninyi wenzake wote mliochukua ofisi yetu, maoni yangu hayaenei kwenye kile kisanduku mlichoniwekea. Ndiyo maana nayaandika kwa kalamu, na mtayasoma mpaka mwisho hata kama mwandiko wangu umeanza kutetemeka.

Kwa wale wageni wasionijua, mimi ndiye niliyekuwa karani, baadaye katibu, wa chama chetu cha kusaidia askari wastaafu, wajane wao na watoto wao, Karatu na Ngorongoro yote. Kuwa askari sikuwahi, na saluti sijui. Baba yangu alitoka Singida kuja kuchuma kahawa kwenye mashamba ya Oldeani, nami nikasoma upigaji taipu kwa masista. Chama kiliniajiri kwa sababu hiyo tu. Kamati nzima ilikuwa ya wanajeshi wa zamani, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuandika barua isifanane na simu ya upepo. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, vumbi la barabarani likiingia kila gari la watalii linapopita, na kila asubuhi nilianza kazi kwa kupuliza taipu.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Safari, Mwiraqw wa hapa hapa Karatu, sajenti mstaafu wa mizinga. Mtu mrefu, mpole wa sauti, mbishi kupita kiasi. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na mengi alinifundisha kwa kuninyamazia mpaka nikaona aibu.

Mfano ni habari ya masikio. Wazee wa mizinga wengi sikio moja limekufa. Mtu wa namna hiyo ukimkalia upande mbaya, anakujibu "ndiyo" kwa kila kitu ili asikusumbue. Mwezi wangu wa kwanza nilimhoji mzee mmoja wa Rhotia. Nikamwuliza kama ana mke, akasema ndiyo. Kama mke alishafariki, ndiyo. Kama ana watoto wanaosoma, ndiyo. Kama hakujaliwa watoto, ndiyo pia. Nilikuwa nimeshajaza ukurasa mzima wa upuuzi, nimeshaanza kumkasirikia, ndipo Mzee Safari alipoinuka, akakichukua kiti changu nami nikiwa bado nimekikalia nusu, akakihamishia upande wa pili wa yule mzee. Kisha akarudi kwenye gazeti lake. Tukaanza upya, na kumbe mzee wa watu alikuwa na akili timamu kuliko sisi wote.

Halafu vidole. Hizi mashine zenu za alama za vidole zinawashinda kila mnapotoka kwenda vijijini, kisha nasikia mnawafokea akina mama eti hawabonyezi vizuri. Kidole cha mtu aliyelima vitunguu na kukamua ng'ombe maisha yake yote kimesagika. Mwosheni kwa maji ya uvuguvugu, mpakeni mafuta kidogo, mfuteni, msubirini apumue. Mashine itasoma. Isiposoma, rudieni, na mwombeni radhi yeye badala ya kuiombea radhi mashine.

Nisiseme kwamba wazembe ni ninyi tu. Nimeona mengi yaliyonichosha roho kabla hamjazaliwa. Siku ya Mashujaa kila mwaka tulikuwa tunapendwa na kila mtu. Wazee wetu walipangwa juani na medali zao, viongozi chini ya turubai, hotuba mpaka mchana. Kesho yake ukipiga simu kuulizia dawa za mzee mmoja tu, haipokelewi.

Wafadhili ndio usiseme. Kuna waliotuletea viti vya magurudumu, vizuri, vinang'aa, vyenye matairi membamba ya kutembelea kwenye sakafu ya vigae. Nikawaandikia kwamba kule Sale viendako ni mawe na makorongo. Wakajibu kwamba vimeshapakiwa. Miezi michache baadaye nikaenda kukagua, na mzee mmoja aliyekatwa mguu akanionyesha kwa fahari jinsi kiti chake kinavyobeba madumu mawili ya maji. Wajukuu walikuwa wanakisukuma, yeye akifuata nyuma kwa magongo. Nikapiga picha, nikaituma hivyo hivyo, wakaandika kwamba wamefurahi kuona kinatumika.

Mwaka mwingine wakaleta kijana kutoka mjini awafundishe wajane wa Kimasai kufuga mbuzi. Semina ya siku mbili, pale Wasso. Wale mama walimsikiliza kwa heshima zote. Siku ya pili akaletewa mbuzi wa mfano, akamshika kama mtu anayeshika pasi ya moto. Mama mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama kijana yule mama yake yupo hai, maana inaonekana hakufundishwa kitu nyumbani.

Tulicheka sana siku hiyo. Lakini nikiwacheka wengine tu nitakuwa mnafiki, kwa sababu kosa baya kuliko yote katika chama hiki halikufanywa na wafadhili wala na viongozi. Nililifanya mimi, kwa mwandiko mzuri, na nililifanya kwa swali hilo hilo mlilolipamba kwa nyota.

Kipindi hicho hospitali moja ilikubali kuwatibu macho bila malipo wajane wote watakaokuwa kwenye orodha yetu. Orodha ilikuwa moja na muda mfupi. Nikapanda basi la Wasso, siku nzima ya kutingishwa, nikateremka nimekuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Asubuhi nikapewa chumba cha darasa, nikapanga meza, mihuri na fomu. Na kabla sijaondoka Karatu nilikuwa nimepewa onyo kali kwamba kuna matapeli, watu wanaobeba vyeti vya marehemu wasiowajua na kujiandikisha. Nikaingia pale nikiwa macho kama polisi.

Mama mmoja akaja kutoka Soitsambu. Alikuwa mwembamba, wa makamo, na jicho lake la kulia lilikuwa jekundu, akilikinga na mwanga kwa kiganja. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini kilitosha. Nikamsalimia haraka haraka, maana foleni ilikuwa ndefu, nikamwuliza jina la marehemu mume wake.

Akanyamaza. Nikarudia. Akatazama mlangoni, akasema, "Baba yake Nashipai."

Nikamwambia sijamwuliza mtoto, nimemwuliza mume. Akasema ndiye huyo huyo, baba yake Nashipai, askari, alikwenda Kagera. Nikasema askari waliokwenda Kagera ni wengi, huyu anaitwa nani? Akainamisha kichwa. Nikauliza mara ya tatu, na safari hii, Mungu anisamehe, nilicheka. Nilimgeukia mama aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni nikasema, huyu vipi, ameishi na mtu asiyemjua jina? Yule wa nyuma hakucheka. Hiyo peke yake ingenitosha kujua kwamba nimepotea, lakini nilikuwa nawinda matapeli.

Nikaandika kwenye fomu yake: Hamfahamu marehemu. Arudi na ushahidi. Nikapiga muhuri. Hakubisha, wala hakulia. Alisimama, akajifunga vizuri shuka lake, akanishukuru, akatoka. Nikaita anayefuata.

Ikapita miaka miwili. Hospitali ikawatibu waliokuwa kwenye orodha, tukapongezwa, nikapandishwa kuwa katibu. Siku moja Mzee Safari alikuwa anapitia mafaili ya waliokataliwa, kama ilivyokuwa desturi yake kila anapokosa la kufanya. Nilikuwa namimina chai. Akaniuliza, bila kuinua macho, "Mama Yordani, yule baba mkwe wako anaendeleaje?"

Nikasema anaendelea vizuri, miguu tu ndiyo inamsumbua. Mzee wangu huyo tulikuwa tunaishi naye nyumba moja.

"Anaitwa nani?"

Nikasema, "Babu yake Yordani."

"Jina lake."

Nikacheka kidogo, nikamwambia mzee, na wewe unajua mimi siwezi kulitaja. Tangu niolewe sijawahi kulitamka, na kama kuna mtu mwingine sokoni anaitwa hivyo namwita kwa jina la mtoto wake. Ni heshima tu, mama yangu alinilea hivyo. Mzee Safari akalisukuma faili mbele yangu juu ya meza, akaweka kidole pale penye mwandiko wangu.

"Basi na wewe andika kwamba humfahamu."

Chai niliyokuwa namimina ikajaa ikamwagikia kwenye sahani, na kutoka hapo ikaenda mezani. Hakuna aliyeifuta. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba kwa Wamasai wanaoshika mila, mtu akishafariki watu wake hawalitaji tena jina lake, na mke ndiye wa kwanza kulinyamazia. Jina limekwenda naye. Yule mama alikuwa ananijibu kwa namna pekee anayoweza mke mwenye heshima. Mimi ndiye niliyekuwa sijui kusikiliza, na bila hata udhuru wa sikio bovu.

Wiki ile ile tukaenda Soitsambu, mimi na yeye. Njia nzima nilikuwa najitetea moyoni. Fomu ndiyo ilivyo. Onyo nilipewa. Foleni ilikuwa ndefu. Tulipofika bomani kwake, yule mama akatoka, akageuza kichwa chote upande ili atuone, na utetezi wangu wote ukaisha hapo. Jicho la kulia lilikuwa limekufa kabisa.

Mzee Safari akasalimia, "Takwenya, yeyo," kama mtu anavyomwamkia mama yake. Akaitikia, tukakaribishwa, tukapewa maziwa. Mzee hakufungua mfuko wake wa makaratasi. Waliongea habari za mvua, za ng'ombe, za Nashipai aliyeolewa upande wa Sale. Ndipo akauliza, kama jambo la kupita, kama kuna karatasi zozote za baba yake Nashipai zilizobaki.

Mama akaingiza mkono ndani ya shuka akatoa mfuko wa nailoni, na ndani yake kitambaa, na ndani ya kitambaa cheti cha kuachishwa jeshi chenye picha. Mzee akakisoma kimya kimya, midomo imefungwa. Akauliza jeraha alilorudi nalo lilikuwa wapi. Mama akajibu nyonga ya kushoto, na kwamba mvua ikikaribia alikuwa analala upande mmoja tu. Mzee akainua kichwa kwa jirani mmoja aliyekuwa amesimama karibu, jirani akakubali. Akafunga cheti, akakirudisha kwa mikono miwili. "Ni yeye," akasema. Haikuchukua hata muda wa kumaliza kikombe.

Nikamwuliza mama yule kama siku ile ya Wasso alikuwa na cheti hicho. Akasema ndiyo, alikuwa nacho hapa hapa, akajigusa kifuani. Cheti kilikuwa mbele yangu muda wote ule niliokuwa nacheka. Sikukiulizia kwa sababu fomu yetu iliulizia vyeti ukurasa wa pili, na mimi na yeye ukurasa wa pili hatukuufikia.

Nikaomba msamaha. Sijui kama niliuomba vizuri. Akanitazama kwa lile jicho moja, hakuonyesha hasira, akasema maneno ambayo mpaka leo yananiamsha:

"Mimi nilishangaa tu, mama. Nilidhani ninyi wa jeshi ndio mnamjua."

Tukampeleka hospitali wenyewe. Daktari akasema ni presha ya macho, kwamba la kulia halirudi tena, la kushoto linaweza kuokolewa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yake yote. Akaniuliza kwa nini hatukumleta mapema. Mzee Safari alikuwa amesimama pembeni yangu na angeweza kusema lolote. Alinyamaza ili nijibu mwenyewe. Nikasema, "Nilimkataa mimi."

Baada ya hapo tuliibadili fomu. Tukaanza na vyeti, kisha watoto, kisha jeraha na majirani, na mahali pa jina karani alijaza mwenyewe kwa kusoma kimya. Na nawaambia jambo mlilotakiwa mlijue kabla ya kununua hizo simu: kwa utaratibu huo tuliwakamata matapeli wengi zaidi kuliko zamani. Tapeli jina la marehemu analijua. Amelikariri njiani, na ndilo la kwanza kukutajia kabla hata hujamkaribisha kiti. Asilolijua ni nyonga ipi ilikuwa inauma mvua ikikaribia. Swali lenu hilo linampitisha tapeli akiwa anatabasamu na kumrudisha nyumbani mjane wa kweli.

Basi, juzi baada ya kunywa maji nilivaa viatu nikaja ofisini. Paskalina akanipisha kiti, akaniagizia chai, akanieleza kwa upole kwamba uhakiki huu ni wa wajane wote, hata waliokuwa kwenye orodha ya zamani, na asiyepita anasimamishwa mpaka alete ushahidi. Huduma zake nazo zinasimama. Nikamwuliza na matone ya macho? Akasema na matone, Bibi. Nikamwambia aliondoe lile swali au alipeleke mwisho. Akanijibu kwamba ameshauliza walioitengeneza, na wamesema mfumo haukubali.

Wanangu, neno hilo sitaki kulisikia tena. Mfumo hauna mkwe, hauna mume, hauna macho. Kilichokataa ni mtu fulani aliyekaa mahali penye kivuli akachoka kubadilisha kitu. Namjua mtu huyo vizuri. Nimekuwa yeye.

Sikupiga kelele, ingawa nilikuja nimejiandaa. Nilikwenda kwenye kabati la zamani, lile lenye mlango wa kuinua kidogo ndipo ufunguke, nikachukua faili la Mama Nashipai nikalifungua mezani kwa Paskalina kwenye karatasi ile ya kwanza. Akasoma: Hamfahamu marehemu. Arudi na ushahidi. Akasonya, akasema karani aliyeandika hivi alikuwa mtu wa namna gani. Kisha akaiona sahihi.

Akaisoma tena tangu mwanzo. Naye ameolewa mwaka huu, yuko na wakwe zake Endabash, nadhani aliwafikiria.

"Bibi," akasema, "Jumatatu ndiyo tunakwenda."

Nikamwambia ninajua, na mimi kiti changu kwenye basi nimeshakilipia. Simu zenu zikigoma, nina fomu za karatasi na peni tatu.

Faili nimewaachia pale mezani, msilirudishe kabatini. Kila karani mpya alisome kabla hajagusa simu. Mama Nashipai bado yupo Soitsambu, anamwagia jicho lake tone moja asubuhi na moja jioni, na ile chupa aliyonayo inamfikisha mwisho wa mwezi. Mkimwuliza lile swali atawatazama, atainamisha kichwa, atawashukuru na kuondoka. Jicho la pili la kusubiria ninyi mjifunze kazi hana.